Presha ya matairi ya pikipiki kwenye mchanga laini: namna ya kuipata namba yako mwenyewe

Mara ya kwanza nilipoambiwa "mchangani shusha mpaka nane," nilishusha mpaka psi nane (psi ni kipimo cha presha ya upepo) bila kuuliza. Nikaenda kama dakika kumi, raha tupu, pikipiki inaelea. Kisha nikavuta mafuta kupanda kilima, tairi la nyuma likaisha upepo ghafla. Nilipokuja kulifungua, vali ilikuwa imekatika shinani. Tairi lilikuwa limezunguka juu ya rimu, likaburuta tyubu, na vali ikabaki imenasa kwenye tundu lake. Aliyenishauri hakunidanganya. Yeye pikipiki yake ilikuwa na kibanio cha rimu, kile kinacholizuia tairi lisizunguke juu ya rimu; yangu haikuwa nacho, na hakuna kati yetu aliyefikiria kulitaja hilo.

Ndiyo maana mwongozo huu hautakupa namba moja ya kuishika kama amri. Utapata namba za kuanzia, kisha njia ya kushuka kutoka hapo mpaka ufike kwenye presha inayoifaa pikipiki yako, uzito wako na mchanga ulio mbele yako. Ninazungumzia hasa pikipiki nyepesi za porini, za motokrosi na enduro, zenye rimu ya inchi 21 mbele na 18 au 19 nyuma. Zile kubwa za safari ndefu nitazigusa njiani.

Kwanza, kwa nini upepo mdogo unasaidia

Tairi lenye presha ya bar 1 (psi 14.5) huikandamiza ardhi kwa karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 100. Kwa bar 1, tairi litahitaji eneo la kama sentimita 100 za mraba ili kuubeba mzigo huo. Lishushe hadi bar 0.7, yaani psi 10, eneo linakuwa kama sentimita 140. Hesabu hii si kamili, kwa sababu kuta za tairi nazo ni ngumu na hubeba sehemu ya uzito, lakini picha ndiyo hiyo: mzigo ni uleule, nyayo ni kubwa zaidi.

Nyayo hiyo haipanuki sana kwa upana. Inarefuka. Meno mengi zaidi yanagusa mchanga kwa wakati mmoja, kila moja likisukuma kidogo badala ya machache kuchimba kwa nguvu. Tairi gumu hukata mchanga kama kisu na kuzama. Lililolegea kiasi hukaa juu yake.

Hatua ya 1: jua kilichomo ndani ya tairi

Hili ndilo linaloamua unaweza kushuka mpaka wapi, kabla hata ya kuuangalia mchanga.

Chuchumaa pembeni ya gurudumu uangalie rimu upande wa ndani, kule ziliko spoki. Utaona vali. Kisha tafuta kama kuna bolti nyingine yenye nati inayochomoza. Hiyo ni ya kibanio cha rimu, kipande kilichovikwa mpira kinachokaa ndani na kuugandamiza ukingo wa tairi kwenye rimu ili tairi lisizunguke lenyewe unapovuta mafuta au kufunga breki. Kama kipo, hakikisha kimekazwa kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kwa kawaida ni Nm (nyutoni mita) 12 hadi 15, wala usikikaze kwa nguvu zako zote, kwani meno ya bolti huliwa upesi. Kama hakipo, usishuke chini ya psi 15 nyuma. Nenda kaweke kibanio kwanza. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote anayejua kutoa tairi.

Tyubu nayo ina maneno yake. Tyubu nene, za milimita 3 au 4, huvumilia kubanwa kati ya rimu na jiwe kuliko nyembamba. Unajua pancha ya kubanwa ukiitoa tyubu: matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiziona alama hizo, ujue upepo ulikuwa mdogo kuliko ardhi uliyopita.

Mfumo wa Tubliss, wenye kipira cha ndani kinachojazwa psi 100 hadi 110 ili kulishikilia tairi kwenye rimu, unakuruhusu kushuka zaidi, kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa wala tairi la kuzunguka. Na kama ndani una musi, yaani mpira wa povu usio na upepo kabisa, huna cha kupunguza. Musi mpya hufanana na presha ya psi 13 hivi, na hulainika kadiri unavyotumika. Wenye musi huchagua ulaini nyumbani, siku ya kuufunga, na wakishafika mchangani mjadala umekwisha.

Hatua ya 2: pata geji inayofaa

Geji za vituo vya mafuta na za karakana zimetengenezwa kwa ajili ya magari. Geji inayosoma hadi psi 60 na kuruhusiwa kukosea asilimia 2 ya kipimo chake chote inaweza kukupa kosa la psi 1.2. Kwenye tairi la gari lenye psi 32 hakuna atakayegundua. Kwenye tairi lako la psi 9, hiyo ni tofauti kati ya kuelea na kupinda rimu.

Tafuta geji ya presha ndogo, inayoishia psi 15 au 30. Yenye kitufe cha kutolea upepo ni nzuri zaidi, maana unashusha huku unasoma. Halafu, na hili ni muhimu kuliko bei yake, tumia geji hiyohiyo siku zote. Hata ikiwa inadanganya kidogo, itakudanganya kwa kiasi kilekile kila siku, nawe utakuwa umeizoea. Namba uliyopewa na mwenzako ilitoka kwenye geji yake, kwa hiyo ichukue kama tetesi.

Hatua ya 3: pima tairi likiwa baridi, kivulini

Upepo ukipata joto hutanuka. Kwa tairi lenye psi 12, kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza karibu psi 1. Ukipima alfajiri kukiwa na nyuzi 20, kisha saa sita mchana tairi likawa na nyuzi 45, kuna psi 2 ambazo hukuziweka wewe. Kwa hiyo chagua: ama unapima asubuhi na kukumbuka kwamba itapanda, ama unapima tena papo hapo mchangani kabla ya kuingia. Mimi nafanya yote mawili.

Mwinuko nao huchangia. Ukijazia bondeni kisha ukapanda mita 1,000, geji itaonyesha ongezeko la kama psi 1 na nusu, kwa sababu hewa ya nje imekuwa nyepesi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, fanya jambo moja dogo. Chukua kalamu ya rangi nyeupe uchore mstari unaoanzia kwenye ukuta wa tairi na kuvuka hadi kwenye rimu, mbele na nyuma. Mistari hiyo itakuwa shahidi wako baadaye. Pia, ile nati nyembamba ya shina la vali usiikaze kwenye rimu. Irudishe juu hadi ikutane na kifuniko. Ikikazwa chini, tairi likianza kuzunguka vali haitainama kukuonya. Itakatika tu, kama yangu.

Hatua ya 4: usome mchanga

Mchanga ni jina moja la vitu vingi. Ukiwa na unyevu, maji yaliyo kati ya punje huzishikanisha, na unaweza kupita juu yake na psi 13 ukadhani uko kwenye udongo. Ukikauka, punje huteleza kila moja kivyake. Ndiyo maana njia uliyoipita saa moja asubuhi ukiimba inakutoa jasho saa saba mchana.

Kwenye matuta, upande unaopigwa na upepo huwa umeshindiliwa, na upande wa pili, ule wenye mteremko mkali wa kama nyuzi 32 hadi 34, ni mchanga uliomwagika tu na uko tayari kuporomoka. Ufukweni, sehemu iliyolowa karibu na maji ni ngumu, na kadiri unavyopanda kuelekea nchi kavu ndivyo inavyolainika. Mbio za pikipiki za Le Touquet kule Ufaransa, alizozianzisha Thierry Sabine mwaka 1975, miaka michache kabla hajaanzisha mbio za Paris–Dakar, zinaonyesha shida yenyewe vizuri. Kuna ufukwe mrefu ulionyooka wa kwenda kwa kasi, kisha njia ya kurudi yenye mchanga uliochimbika mashimo, na matairi ni yaleyale. Hakuna presha inayopendeza kote kuwili. Unaiweka kwa ajili ya sehemu itakayokuangusha, unavumilia nyingine.

Uliza pia kuna nini chini. Mchanga mtupu wa kina unaruhusu kushuka sana, maana hakuna cha kugonga. Mchanga unaoficha mawe na mizizi ni mtego. Hapo ongeza psi 2 juu ya unayodhani inatosha.

Hatua ya 5: anza juu, shuka kidogo kidogo

Namba za kuanzia, tairi likiwa baridi:

Pikipiki nyepesi yenye tyubu nene na kibanio: psi 13 mbele, 12 nyuma. Usishuke chini ya 10 mbele na 8 nyuma.
Yenye Tubliss: psi 11 mbele, 10 nyuma. Nyuma wengi huishia 6 hadi 8.
Pikipiki kubwa ya safari, ya zaidi ya kilo 200 kabla ya mizigo: psi 20, ukishuka polepole hadi 16 au 15. Kama matairi hayana tyubu wala kibanio, chini ya hapo ukingo wa tairi unaweza kuachana na rimu kwenye kona, na kulirudisha mahali pake porini si kazi ya pampu ya mkono.

Kama una kilo zaidi ya 90 ukiwa na buti, kofia na begi la maji, baki psi 1 juu ya namba hizo mwanzoni. Kama ni mwepesi, utashuka mapema kuliko wenzako na utapenda.

Sasa tafuta kipande cha mita 150 au 200 cha mchanga unaofanana na ule wa safari yako, usio na mteremko. Pita hapo ukiwa umesimama kwenye vikanyagio, gia ya tatu, mafuta ya wastani yasiyobadilika. Rudi upite tena. Usiamue kwa mpito mmoja, kwa sababu wa kwanza mwili bado uko baridi na unakamata hendeli kama unaning'inia kwenye tawi.

Shuka ukaangalie alama uliyoacha. Hapa ndipo watu wengi hawatazami, na ndipo majibu yalipo. Tairi gumu huacha mfereji mwembamba uliochimbika, kingo zake zimesimama na mchanga umerushwa nyuma mbali. Tairi lenye presha nzuri huacha ukanda mpana zaidi, usio na kina, na kama mchanga una unyevu kidogo utaziona alama za meno ya katikati na ya pembeni pamoja. Weka kidole ndani ya mfereji. Kama kinaingia hadi kiungo cha pili pale ulipopita kwa mafuta yaleyale, bado una nafasi ya kushuka.

Punguza psi 1 nyuma. Bonyeza kile kipini cha katikati ya vali kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kisha pima. Baada ya mara chache utajua tairi lako linatoa kiasi gani kwa hesabu ya mbili. Kumbuka kwamba kila kipimo chenyewe hutoa upepo kidogo, kwa hiyo usipime mara tano kwa wasiwasi. Pita tena mara mbili, angalia alama, sikiliza injini. Ukivuta mafuta injini ikapiga kelele na pikipiki isiongeze mwendo, tairi linazunguka bure. Ikiongeza mwendo pamoja na kelele, limeshika.

Endelea psi 1 kila mara. Utafika mahali ambapo kushuka hakuongezi kitu, na mara nyingi mpito unaofuata mkia wa pikipiki unaanza kucheza wenyewe, unaelekea huku mwili wa pikipiki ukielekea kule. Hapo umepita. Rudisha psi 1. Hiyo ndiyo namba yako ya siku hiyo.

Kabla ya kufunga vifuniko vya vali, angalia mistari myeupe. Kama ule wa kwenye tairi umeachana na ule wa kwenye rimu hata kwa upana wa kidole, tairi linazunguka. Kaza kibanio au ongeza upepo, usiendelee na safari ukijiambia ni kidogo tu.

Tairi la mbele si mdogo wake la nyuma

Ni kawaida kusikia watu wakishusha mbele sawa na nyuma. Wapo wanaopenda hivyo, wala siwabishii, lakini mimi huacha mbele psi 1 au 2 juu. Tairi la mbele halisukumi. Kazi yake ni kuonyesha njia na kupokea kila kigumu cha kwanza. Likilegea mno, ukuta wake hukunjika unapoingia kona: unageuza hendeli, tairi linachelewa kufuata, kisha linafuata kwa ghafla kuliko ulivyotaka. Na kama kuna jiwe chini ya mchanga, rimu ya mbele ndiyo inayolipata kwanza. Mlio wake ukishausikia mara moja hutausahau.

Sababu nyingine ni kwamba gurudumu la mbele huelea mchangani kwa mwendo na kwa jinsi ulivyokaa zaidi kuliko kwa presha. Likizama na kukata kushoto kulia, jaribu haya kabla ya kugusa vali: sogeza makalio nyuma, bana tangi kwa magoti, legeza mikono, tazama mbali, ongeza mafuta kidogo. Usikate mafuta ghafla, kwani uzito wote hukimbilia mbele na gurudumu linajizika. Breki ya mbele iache ilale. Anayetambaa kwa gia ya kwanza huku miguu ikiburuta pembeni atazama hata kwa psi 6, na atamlaumu fundi.

Nimeona pia watu wakihangaika na upepo wakati tairi lenyewe limeisha meno. Tairi kipara halina presha ya kuliokoa. Kwa mchanga unataka meno marefu yaliyoachana. Lile la makasia, lenye mapande mapana yanayovuka tairi kutoka upande hadi upande, ni la mchanga mtupu peke yake. Ukilipeleka kwenye mawe litaharibika, na kwenye lami litakutisha.

Ukikwama

Gurudumu likianza kuchimba, acha mafuta mara moja. Kila sekunde unayoendelea unazika mnyororo. Shuka, ilaze pikipiki ubavu ulio upande wa pili wa mnyororo, sukuma mchanga ndani ya shimo kwa mguu, kisha iinue. Itasimama juu ya mchanga, si ndani yake. Washa, weka gia ya pili, tembea pembeni yake ukiachia klachi taratibu mpaka ipate mwendo. Ikigoma kabisa, unaweza kutoa psi 2 zaidi nyuma ili utoke tu, ukijua kwamba lazima uzirudishe ukifika pagumu. Injini ipe muda wa kupoa, maana mchangani inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo na hewa ya kuipoza ni haba.

Kurudi kwenye ardhi ngumu

Hapa ndipo tyubu nyingi zinapofia, kwa sababu mtu amechoka, nyumbani ni kilomita 20 tu, na pampu iko chini kabisa ya begi. Tairi lenye psi 9 likikimbia kwenye lami au changarawe hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, hupata joto, na kwenye kona linayumba. Jaza hadi psi 13 au 15 kwa njia ya vumbi, na kwa lami fuata kitabu cha pikipiki yako.

Pampu yako ya mkono ijaribu nyumbani, siku huna haraka. Shusha tairi la nyuma hadi 9, kisha hesabu ni mipigo mingapi inalifikisha 14. Andika kwa kalamu kwenye mwili wa pampu yenyewe: nyuma kiasi hiki, mbele kiasi hiki. Siku geji ikidondoka mchangani na kuanza kusoma sifuri kila unapoichomeka, utapiga mipigo uliyoandika na kuondoka.

Kabla ya kuunganisha pampu, pulizia mdomo wa vali au uufute kwa kidole kilichokunjwa ndani ya nguo. Punje moja ikiingia chini ya kile kipini, vali itavuja polepole usiku kucha na asubuhi utadhani una pancha. Ukishafika, kagua tena mistari myeupe, ona kama vali imesimama wima, pitisha mkono kwenye spoki usikie zilizolegea. Na ukifungua kichujio cha hewa kukisafisha, ule upande wa ndani wa kifuniko chake ni mahali pazuri pa kubandika karatasi ndogo: tarehe, aina ya mchanga, joto, psi ya mbele, psi ya nyuma.